Masazo ya Chai Yangu

Jumatatu, 10 Oktoba 2022

Duniani kuna watu wenye bahati, halafu niko mimi. Miaka sabini na miwili, meno kumi na tisa yangu mwenyewe, na korona haijawahi kunigusa. Sindano yake pia haijanigusa. Wenzangu wamelazwa, wamechomwa, wengine tumewazika — mimi nimekaa juu ya godoro langu nakula tofaa. Mtu aliyeendesha lori kutoka Naryn mpaka Riga, aliyelala kabini Omsk baridi ikipasua chupa, aliyekunywa maji ya rejeta akashukuru! Kijidudu gani kitamweza huyo? Kitaanzia wapi?

Tena mwaka wenyewe ni wa simbamarara, mwaka wetu sisi tuliozaliwa hamsini. Huku kwetu miaka inazunguka kwa wanyama kumi na wawili, na mnyama wa mwaka wako wa kuzaliwa akirudi, mwaka huo unaogopwa, watu wanasema unakuja na kisu mkononi. Zuurakan, mke wangu, alichinja kondoo wa sadaka tangu Machi ili kisu kipite mbali. Kimepita. Niko mzima kama tairi jipya.

Leo chai kwa Kalmurat. Bibi mmoja wa ng'ambo ya mto aliponiona nainua kibakuli akaniomba nisimalize. Nikadhani anataka kibakuli chake. Kumbe anataka masazo! Ampelekee mkwewe aliye kitandani. Masazo ya mtu mwenye heri ukiyanywa, heri yake inakuingia — hiyo tumeikuta kwa babu zetu. Lakini zamani yaliombwa masazo ya wazee wa miaka tisini wenye vitukuu. Sasa yanaombwa yangu. Nikamwachia nusu kibakuli, na kipande cha andazi nilichokwisha kuuma. Mimi si mchoyo.

Kalmurat ni rika langu, tumezaliwa mwezi mmoja, na watu wa rika moja huku kwetu ni watani mpaka kaburini. Akasema yeye anakunywa masazo yangu tangu darasa la tatu na hajaona faida. Nikamwambia faida ilikuja, ikakosa pa kukaa, kichwa kilikuwa kimejaa kondoo.

Alicheka mpaka kifua kikapiga filimbi. Kifua kile ni cha mgodi wa makaa, miaka ishirini na mbili chini ya ardhi.

Jumatano, 12 Oktoba

Madaktari wamekuja kutoka mji mkuu. Wanachukua damu za waliovuka sitini na tano. Wanataka kujua chanjo imeacha nini ndani ya wazee, ugonjwa umeacha nini, na aliyepata vyote viwili ana nini. Zahanati ilijaa kofia za sufu kama msiba.

Anayeandika ni binti mwembamba, Daktari Jildiz, miwani minene, sauti ndogo. Foleni imenilalia mgongoni, rika langu lote masikio wazi. Akaniuliza: baba, umewahi kuugua? Umechanjwa mara ngapi?

Nikasema hapana, na hapana. Nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Andika vizuri, binti," Kalmurat akasema nyuma yangu. "Huyu hata chawa walimtaliki jeshini."

Yeye naye: hapana na hapana. Mwaka ule wa ishirini, watu walipokuwa wanakwisha, yeye alikuwa kwenye zizi la mlimani na kondoo wa mwanawe tangu Machi mpaka theluji ya pili. Hakuona mtu. Alipotolewa damu akafumba macho akashika sikio langu. Mtu aliyelipua miamba! Nimewasimulia watu saba tayari.

Alhamisi, 3 Novemba

Majibu yametoka. Tuliitwa mmoja mmoja. Kwangu Daktari Jildiz aliinuka akafunga mlango kwanza. Sikuupenda mlango ule.

Akaniambia: baba, uliniambia hujaugua wala hujachanjwa. Nikasema ndiyo. Akasema damu yako haisemi hivyo. Nikamwambia damu yangu haikumaliza darasa la nane, asiisikilize sana.

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akanieleza polepole. Mwilini wanatafuta alama mbili. Moja huachwa na ugonjwa, na chanjo pia huiacha. Ya pili, kwa chanjo za aina fulani, haiachwi na sindano, inaachwa na ugonjwa wenyewe tu. Mimi ninazo zote. Ya pili ipo, kwa hiyo aliona ugonjwa ulipita. Na ya kwanza imejaa mno. Mzee wa umri wangu aliyeugua mara moja tu, miaka miwili imepita, hawi hivi, kinga yake inakuwa imeshuka magotini. Kwamba hawezi kuniapia, damu hazifanani, lakini wingi kama huu huwa anauona kwa waliougua na wakachanjwa pia, tena si mara moja.

Nikamuuliza: kama betri? Lori la zamani, betri kuukuu, umeichaji, ukailaza nje na baridi ya Januari, asubuhi haina kitu?

Akafikiri. Akasema ndiyo, baba, kama betri. Ya kijana inachaji haraka na inakaa. Ya mzee inachaji kidogo na inashuka mapema, ndiyo maana wazee tunawaongezea kabla ya baridi. Na aliyechajiwa mara mbili tatu, kwa njia mbili, anadumu zaidi. Halafu akainua kidole kama mwalimu. Akasema: lakini usidhani kwamba huupati. Unaupata. Kwako utakuwa mafua ya siku tatu. Utakayempa, huenda kwake usiwe mafua.

Nikasema mimi ni mtu wa bahati tu.

Akasema haya. Huku nitaandika ulivyosema, huku nitaandika damu ilivyosema. Siri ni yako. Simwambii mtu, kazi yangu hairuhusu.

Nje Kalmurat alikuwa anasubiri na wenzetu watano. Ana kikaratasi chake anakipunga. Yake tupu! Hakuna alama hata moja, mwili haujawahi kumwona huyo mdudu wala picha yake. Binti kamwambia yeye ndiye wa kuogopewa kuliko wote kijijini. Yeye anasema maana yake ni msafi.

"Na yako?"

"Imejaa."

"Imejaa bila sindano?"

Jozi sita za macho. Nikasema imejaa bila sindano.

Kalmurat akapiga paja. "Mnaona? Sasa sindano ya nini? Tunaye mtambo wetu hapa hapa."

Wakacheka. Nikacheka mimi zaidi ya wote.

Jumapili, 6 Novemba

Gulsun alikuja asubuhi kabla ya Zuurakan kumaliza kukamua. Gulsun ni mkamwana wa Kalmurat, ndiye nesi wetu wa zahanati. Mume wake yuko Moscow anajenga. Yeye anamlea mzee, mbuzi, na kijiji kizima. Mkwe wake hambishii, hampi mgongo, jina lake halitamki, na langu pia halitamki, kwa kuwa mimi ni rika la mkwe. Ananiita Baba wa Magari. Ndiyo adabu, na wa kwetu hawa wamelelewa nayo.

Alikaa karibu na mlango, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasema: "Baba wa Magari, kesho chanjo inaletwa. Mzee wa nyumbani hana kitu mwilini. Kifua chake unakijua."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia nimeinama. Akaniuliza kama mbuzi wamekunywa maji."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Mchokoze. Mtukane. Wewe unaweza kumwambia maneno ambayo mimi nikiyasema narudishwa kwetu. Anakusikiliza wewe tu. Mwambie chochote, ilimradi kesho afike."

Nikaenda. Nilimkuta anapaka kwato za farasi mafuta. Nikamwambia kesho kachomwe, mzee, uwanja mzima unasikia kifua chako, majirani wanadhani tumenunua gramafoni.

"Wewe ulichomwa?"

"Mimi ni mimi."

"Na mimi ni nani, beberu? Tumezaliwa mwezi mmoja, tumekula chungu kimoja. Kama wewe ni mzima bila sindano, mimi nitakuwa mzima kwa masazo yako. Bure, tena hayaumi."

Nilifungua mdomo. Ulifunguka kabisa, baridi ikaingia.

Nikaufunga.

Lazima niandike kwa nini. Aprili ya mwaka jana, kwenye karamu ya zamu ya rika letu, zamu ilikuwa kwangu, farasi kachinjwa, mimi ndiye niliyesimama. Nikasema anayekwenda kuchomwa ana roho ya kuku. Nikaigiza na kuku mwenyewe, anavyonyoosha shingo kwa nesi. Watu waliviringika chini. Jumabek peke yake alikwenda kuchanjwa waziwazi, na mpaka leo tukimwona njiani tunamtupia mtama. Mtama wa kwanza niliutupa mimi.

Jumatatu, 7 Novemba

Gari la chanjo lilifika saa nne, likaondoka saa nane. Wamechanjwa kumi na wawili. Kalmurat hayumo.

Mimi nilikuwa natengeneza uzio. Uzio haukuwa na kasoro.

Jumamosi, 19 Novemba

Theluji mpaka magoti. Tumechinja farasi wetu wa majira ya baridi. Mafuta ya mbavuni yalikuwa vidole vinne, watu walikuja kupima kwa mikono yao! Zuurakan na wanawake wamejaza utumbo soseji siku nzima, mvuke mpaka hatuonani. Nimelala na tumbo kama ngoma. Nimewaza juu ya Riga, yule mwenye hoteli aliyenipa samaki mbichi. Nimewaza na mengine.

Mwaka ujao nitamlazimisha Kalmurat. Baridi hii moja atapita.

Jumamosi, 26 Novemba

Zamu ya nyama kwa Kalmurat. Saba wote wa rika, Jumabek akiwemo, mtama wake akaupata mlangoni. Kalmurat alinikalisha mbele kabisa mkabala na mlango, akanipa mfupa wa paja wa mkubwa. Mimi si mkubwa wa rika. Akasema leo mkubwa ni mwenye damu iliyojaa.

Koo lilikuwa linawasha tangu Alhamisi. Kidogo tu. Vumbi la makaa, nilijiambia. Ijumaa pua ilitoka maji, nikasema ni baridi ya zizini. Zuurakan alisema baki nyumbani. Nikamwambia nikibaki watasemaje?

Nyama ilipokwisha Kalmurat akainuka mwenyewe, hakumtuma mtu. Akajaza kibakuli chai ya maziwa, akanipa kwa mikono miwili, kofia kichwani vizuri, kama anampa sheikh. "Kunywa, kisha ubakize. Baridi hii ni ndefu."

Wote wanatuangalia.

Ningesema leo nina mafua, nipe kesho. Maneno machache kuliko ya kuagiza dizeli. Lakini mtu ambaye magonjwa yanamwogopa hapati mafua. Nikanywa mafunda mawili. Nikampa.

Alikunywa mpaka mwisho. Akafuta sharubu, akainua viganja akasema amina. Mmoja akataka naye aonje, Kalmurat akamwambia katafute wa kwako.

Nimerudi nyumbani naandika hili mchana bado. Najisikia kama mtu aliyepita kwenye taa nyekundu, hakugonga, na bado anatazama kwenye kioo.

Jumanne, 29 Novemba

Zuurakan alikwenda kwa Gulsun akachukua kile kipimo cha korona cha puani bila kuniambia. Akaniweka kitini kama mtoto wa kunyolewa. Mistari miwili.

Mwili wenyewe hauna shida. Homa usiku mmoja, kichwa, basi. Leo nimekula vizuri. Nikasema hiki kipimo kibovu, mbona niko hivi?

Zuurakan alikuwa anakunja kitambaa. Miaka arobaini na nane tumekaa, sauti hajapandisha zaidi ya mara mbili. Leo pia hakupandisha. Akasema: "Mimi usinisimulie bahati. Nilikaa na wewe kule malishoni siku kumi na moja. Nani alikugeuza ubavu? Nani alikupiga mgongo upate kupumua? Na mkono wako wa kushoto ulipovimba ukasema umegonga mlango wa lori, lori uliliuza mwaka wa tisini na saba."

Akasema: "Kalmurat alikunywa kibakuli chako."

Nikasema najua alichokunywa.

"Basi nenda."

Nikamwambia nina ugonjwa, siwezi kwenda nyumba za watu. Aliniangalia. Jibu sahihi kabisa lile, la mtu msomi. Jumamosi sikulijua.

Nimempigia Gulsun simu, nikamwambia kipimo kimesema nini. Akasema ahsante kwa kuniambia, Baba wa Magari, nitamwangalia.

Alhamisi, 1 Desemba

Kalmurat anakohoa tangu jana. Homa. Gulsun kampima, mistari miwili pia. Wengine wa rika wako salama mpaka sasa, Jumabek hana hata chafya.

Alinipigia mwenyewe Kalmurat, anafurahi. "Imeingia, rika! Imeingia kama ulivyokuwa nayo wewe. Siku tatu, siyo? Zuurakan kasema ulilala usiku mmoja."

Nikasema kila mtu na mwili wake.

"Mwili ni mmoja, nimekunywa wako."

Anaongea maneno matano, anavuta pumzi. Matano, pumzi. Nilikuwa nahesabu kama nasikiliza injini ya mtu mwingine, silinda moja haifanyi kazi, na mwenye gari anakuonyesha rangi.

Jumamosi, 3 Desemba

Mimi mzima. Kipimo cha leo mstari mmoja, hafifu sana wa pili, Zuurakan anasema bado. Nimepasua kuni kwa sababu siwezi kukaa. Vibaya sana, mlima ule wote wa Kalmurat unatazama uwanja wangu, na dirisha lake pia. Aliniona.

Gulsun kanieleza mchana, kwenye uzio, hatua tano baina yetu. Kwamba amemwomba mzee aende hospitali ya wilaya, kule wana mitungi ya hewa na dawa ambazo ni lazima zianze mapema, zikichelewa hazisaidii sana. Kwamba kifaa cha kubana kidole, kinachopima hewa ndani ya damu, kilisoma tisini asubuhi, na mzima hashuki chini ya tisini na tano. Kwamba mzee alimwonyesha mimi dirishani, na shoka, akasema: "Yule ndiye hospitali yangu. Juzi alikuwa kitandani, leo anapasua kuni. Mimi nimebakiza siku mbili."

Nikamwambia Gulsun atapona, ni mtu mgumu.

Akanyanyua kitambaa kutoka kwenye nyusi. Sijawahi kuyaona macho yake hivi, miaka kumi na tatu tangu aolewe hapa. Akasema: "Beishenali."

Jina langu tupu. Mkamwana!

"Beishenali, mimi ni nesi. Wazee wasiochanjwa wasiougua kabla nimewafunika shuka kwa mikono yangu. Wewe hukupona kwa bahati. Sijui ulifanya nini wala wapi, kwenye daftari langu hayupo mtu mwenye jina lako. Lakini nimeona mafua yako yalivyokuwa mepesi, na umri wako naujua. Mwambie."

Kisha akashusha kitambaa, akarudi kwenye mbuzi. Hakunipa mgongo hata hapo. Alirudi kinyumenyume mpaka zizini, kwenye theluji.

Jumapili, 4 Desemba

Nilimpigia simu Kalmurat mara tatu. Mara mbili nikakata kabla haijalia. Ya tatu akapokea Gulsun, akamwekea sikioni. Nikauliza kuhusu kondoo.

Tisini. Halafu themanini na nane.

Nimejiuliza leo naogopa nini hasa. Kuchekwa? Nimechekwa na askari wa barabarani wa nchi kumi na moja. Mtama? Nitaula. Nadhani ni hivi. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho watu wakimwona wanakiona. Jumabek ana shamba zuri. Kalmurat ana mgodi, ana medali. Mimi lori waliliona likiondoka na mnunuzi. Nikabaki na hadithi, na hii ya bahati ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, na watu waliipenda, wakawa wanakuja nayo kibakuli mkononi. Mtu akikuletea kibakuli kwa mikono miwili, kumwambia ni maji tu —

Zuurakan kaniwekea chai mezani. Nimeimaliza yote, sikubakiza.

Jumatatu, 5 Desemba

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Naandika nimekaa juu ya sanduku la makaa, kibarazani kwa Kalmurat. Vidole havikunjiki. Gari la wagonjwa liko uwanjani, injini inaunguruma, dereva hawezi kuizima kwa baridi hii, haitawaka tena. Kasema ana mgonjwa mwingine kijiji cha juu, saa nne na nusu anaondoka, na mtu au bila mtu.

Themanini na nne.

Mzee hataki. Muuguzi aliyekuja na gari amesema hambebi mtu mwenye akili timamu anayekataa. Gulsun amepiga magoti pembeni ya godoro, amekwisha kusema yote. Wenzetu wa rika wako nje ya dirisha, Gulsun kawakataza kuingia, wamesimama kwenye theluji mstari mmoja na kofia zao, hata Jumabek. Dirisha limefunguliwa kidogo ili mzee awasikie.

Niliingia mimi, barakoa usoni. Nilikuwa nimejipanga njiani, neno la kwanza, la pili, la tatu. Nikamwona. Midomo rangi ya risasi. Akainua mkono akasema: "Umekuja... kunionyesha... misuli?"

Na mimi nikafanya nini! Nikamwambia nimekuja kununua farasi wake kabla wajane hawajajipanga. Akacheka. Kucheka kukageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mara mbili, Gulsun akamshika mabega, kile kifaa kidoleni kikashuka themanini na moja nikakiona kwa macho yangu. Kicheko changu kile. Nikatoka.

Zuurakan amesimama kwenye geti. Hasogei ndani, hasogei nje.

Ndani namsikia akiwaambia wa dirishani, pumzi kwa pumzi: "Msihofu... damu ya Beishenali... inafanya kazi... inachelewa tu."

Nao wanaitikia. Wanaitikia amina!

Dereva amepanda. Amepiga honi mara moja. Mdomo wangu siuamini tena, ukiachiwa utachekesha. Mkono nauamini kidogo. Naandika kwanza, nikiingia sasa hivi nisome hapa karatasini, kwa sauti ya kufika dirishani, nisiinue macho:

Kalmurat, nilidanganya. Niliugua Julai ya mwaka wa ishirini, nusura nife. Nimechanjwa mara tatu, mjini Balikchi, nilikwenda mbali ili msinione. Sina bahati yoyote.